Nywele za Nani Hizi?

Mwaka juzi, Jumapili moja ya manyunyu, niliingia kwenye soko la vitu vya kale katika mji mdogo wa Uingereza. Shoga yangu alikuwa anatafuta vikombe vya chai, mimi nilikuwa namsindikiza tu. Kwenye meza ya mzee mmoja, kati ya vijiko vya fedha na saa zilizokwisha kusimama, niliona pini ya kifuani, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Ukingo wake ulikuwa wa dhahabu isiyo na nakshi. Katikati, chini ya kioo, palikuwa na kitu nilichodhani ni ukili. Ukili kabisa, wa rangi ya asali, umesukwa kwa miraba midogo hata nikakumbuka mikeka ya nyumbani Tanga. Niliposogeza macho nikaona si ukili wala si uzi. Ni nywele. Nywele za mtu.

"Ya maombolezo hiyo," mzee akasema kwa fahari. "Paundi tisini."

Nikamwuliza ni nywele za nani. Akaigeuza. Mgongoni hapakuwa na kitu, dhahabu tupu iliyosuguliwa na vidole vya miaka mingi. Akainua mabega. "Za mtu aliyekufa."

Shoga yangu alikwisha nishika mkono. "We, weka chini hicho. Hicho si kitu cha kuchezea."

Tangu siku ile nimekuwa nikibishana nao wote wawili kichwani. Mzee alikuwa na uhakika asio na ushahidi nao. Shoga yangu alikuwa na hofu, na hofu yake, kama nitakavyoeleza, ilikuwa karibu zaidi na ukweli wa kitu kile kuliko maneno ya muuzaji. Lakini swali lenyewe, za nani, ndilo lililoubeba ufundi huu tangu mwanzo, na wengi wanaoandika, wanaouza na wanaoonyesha vitu hivi leo huliruka.

Tuanze na tunachokijua. Kuweka nywele za marehemu ndani ya pete au kidani ni desturi ya zamani Ulaya. Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alipokatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, wafuasi wake walivaa pete na vidani vyenye nywele zake, na uvaaji huo ulikuwa msiba na siasa kwa pamoja. Katika karne ya 18 sonara walikuwa wakitengeneza pete za msiba zenye jina la marehemu, umri wake na tarehe aliyofariki, maandishi ya dhahabu kwenye enameli nyeusi, yaani rangi ngumu ing'aayo kama kioo. Akiwa mtoto au mtu asiyeoa wala kuolewa, enameli mara nyingi ilikuwa nyeupe. Ilipofika karne ya 19 jambo hili likatoka kwa wakubwa likaingia majumbani mwa watu wa kati, likawa bangili, hereni, mikufu ya saa na mashada makubwa ya maua ya nywele yaliyotundikwa sebuleni ndani ya fremu nene za kioo.

Watu wengi humtwika Malkia Victoria mzigo wote huu. Ni kweli kwamba mumewe, Albert, alipofariki Windsor tarehe 14 Desemba 1861, Victoria akiwa na miaka 42, alivaa nyeusi na hakuivua mpaka alipofariki yeye mwenyewe Januari 1901, na kati ya mapambo yake vilikuwamo vidani vyenye nywele za Albert. Sisi wa pwani tunaijua eda ya miezi minne na siku kumi. Ya Victoria ilikuwa ya miaka karibu 40. Lakini mapambo ya nywele yalikwisha kuonyeshwa hadharani kwenye maonyesho makuu ya London mwaka 1851, Albert akiwa mzima, tena yeye ndiye mmoja wa waandaaji wakuu. Victoria aliupa mtindo heshima. Hakuuanzisha.

Na kwa nini nywele? Jibu la kwanza ni la kimaumbile. Nywele imejengwa kwa keratini, protini ngumu ile ile ya kucha na pembe, na ikishachomoza nje ya ngozi haina uhai tena. Kwa maneno mengine, ni sehemu ya mtu iliyokwisha kufa angali hai, ndiyo maana kifo hakiigusi. Nyama huoza, sura hubadilika ndani ya siku mbili tatu, lakini nywele hukaa na rangi yake. Howard Carter alipolifungua kaburi la Tutankhamun kule Misri mwaka 1922, walikuta humo majeneza madogo, moja ndani ya jingine, na ndani kabisa shungi la nywele. Jeneza liliandikwa jina la Malkia Tiye, bibi yake Tutankhamun. Miaka zaidi ya 3,300 ilikuwa imepita. Baadaye nywele hizo zikalinganishwa na za maiti ya mwanamke iliyokuwa haina jina, na vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa mwaka 2010 vikathibitisha kuwa mwanamke huyo ndiye Tiye. Tazama lilivyo jambo lile: mwili ulipoteza jina, shungi likalitunza, kisha likaurudishia mwili jina lake.

Jibu la pili ni la imani, na hapa ndipo ninapomrudia shoga yangu. Marehemu bibi yangu alikuwa akichana nywele jioni, kisha anakusanya zilizobaki kwenye kitana, anazivingirisha kidoleni mpaka ziwe kidonge, anakwenda kuzifukia. Nikimwuliza, ananijibu, "Mjukuu wangu, nywele yako ni wewe." Hakuwa anataka mtu aiokote akamfanyie mambo. Na katika makabila mengi ya kwetu, kwenye matanga wanaonyolewa ni wafiwa. Nywele za walio hai huondolewa na kutupwa pamoja na msiba ili watu waanze upya. Mjane wa London wa mwaka 1865 alifanya kinyume: nywele alizikata kwa marehemu, na hakuzitupa, alizivaa. Ukizitazama desturi hizi juu juu utaona zimepishana kabisa. Lakini bibi na yule mjane wangeketi jamvi moja wangeelewana upesi, maana wote wawili waliamini kwamba nywele iliyotoka mwilini bado ni mtu. Mmoja aliogopa kwa sababu hiyo, mwingine akafarijika kwa sababu hiyo hiyo. Asiyekuwa na imani hiyo ni mzee wa soko. Kwake ni bidhaa yenye hadithi.

Ufundi wenyewe unastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu ndani yake ndimo shaka lilipozaliwa.

Kwanza nywele zilioshwa kwa maji ya moto yenye magadi ili mafuta yatoke, zikachambuliwa kwa urefu, zikahesabiwa. Kazi ya bangili na mikufu ilifanywa juu ya meza ya mviringo yenye tundu katikati. Fundi aligawa nywele katika vifungu vya nyuzi chache chache, kila kifungu akakifunga kwenye bobini iliyotiwa uzito wa risasi, bobini zikaning'inia pembezoni mwa meza pande zote. Ncha za upande wa pili zilikutana katikati, zikafungwa pamoja na kushushwa tunduni na kizito kingine kilichozivuta chini. Kisha fundi akahamisha bobini kwa mpangilio: hii ivuke ile, ya kulia ipite ya kushoto, duru baada ya duru, na suka likawa linashuka katikati ya meza likizunguka kijiti au waya. Kila mtindo ulikuwa na hesabu yake. Anayejua kusuka ukili wa njia nyingi ataelewa bila kuchorewa picha. Tofauti ni kwamba huyu alisuka kwa nyuzi ambazo pumzi ya pua inaweza kuzitawanya. Suka likikamilika lilichemshwa maji likiwa bado kwenye kijiti, likakaushwa, kijiti kikatolewa, na nywele zikabaki zimeshika umbo, ngumu na nyepesi, tayari kwenda kwa sonara kutiwa ncha za dhahabu.

Mashada ya ukutani yalikuwa kazi nyingine. Hapo nywele zilizungushwa juu ya sindano ya kufumia na kufungwa kwa waya mwembamba mpaka zikawa mfululizo wa vitanzi. Vitanzi vikikunjwa hivi vinakuwa petali, vikikunjwa vile vinakuwa jani. Ua moja kwa ajili ya mjomba, jingine kwa ajili ya shangazi mwenye mvi, kitumba kidogo cha nywele laini za mtoto. Shada mara nyingi lilipinda kama kiatu cha farasi, mdomo ukitazama juu. Na kulikuwa na mtindo wa tatu, wa bei ndogo: nywele zilibandikwa kwa gundi kwenye karatasi, zikakatwa kama kitambaa na kupangwa kuwa manyoya, mti wa majonzi au kaburi. Wengine walizisaga wakazichanganya na rangi wakachorea.

Kulikuwa na kijiji kizima kilichoishi kwa kazi hii. Wanawake wa Våmhus, katika jimbo la Dalarna nchini Sweden, walitembea nchi kwa nchi katika karne ya 19 wakisuka nywele za wateja. Hawakuondoka kwao kwa kupenda sanaa. Mashamba yalikuwa haba, njaa ilikuwa mlangoni. Walifika mpaka Urusi na Uingereza, na mwanamke wa Våmhus alikaa sebuleni kwa mteja akasuka mbele ya macho yake. Sehemu hiyo ya mwisho si ndogo. Aliyekuwa amesuka mbele yako, ulijua amesuka nywele za nani.

Maana kwa sonara wa mjini hukujua. Ulipeleka nywele za mwanao ndani ya bahasha, ukachagua mtindo kwenye kitabu cha picha, baada ya wiki kadhaa ukaletewa bangili. Bangili inahitaji nywele ndefu na nyingi. Lakini mgonjwa wa homa alikuwa amenyolewa, mzee alikuwa na mvi zinazokatika, mtoto alikuwa na nywele laini zisizofika kidole. Fundi angefanyaje? Dukani kwake alikuwa na marobota ya nywele zilizonunuliwa, na alikuwa na singa za farasi pia, ngumu na rahisi kusuka. Jibu la swali hilo lilikuwa likiwakosesha watu usingizi. Mwaka 1867 Mmarekani mmoja mfanyabiashara wa nywele, Mark Campbell, alitoa kitabu cha kujifundishia kazi hii nyumbani, na hoja aliyoitanguliza haikuwa uzuri wala unafuu wa bei. Ilikuwa hii: ukisuka mwenyewe, utakuwa na hakika kwamba nywele ulizozivaa ni za mpendwa wako. Biashara nzima ya vitabu na zana za nyumbani ilisimama juu ya shaka hilo.

Wanaosema nywele zilikuwa alama tu, ukumbusho kama picha au ua lililokaushwa, nadhani hawajalipima shaka hili vizuri. Alama haighushiwi. Ukivaa ua jeupe kumkumbuka mama, hakuna atakayekuuliza kama ua lile lilikuwa lake. Lakini yule mama wa mwaka 1867 aliogopa kubadilishiwa, akajifunza ufundi mgumu wa miezi ili asibadilishiwe. Maana yake ni kwamba hakutaka kitu cha kumkumbusha mwanawe. Alitaka kuwa na mwanawe. Na kitu cha namna hiyo kwa Kiswahili kina jina. Ni amana. Thamani ya amana haimo katika kitu chenyewe, imo katika uhakika kwamba aliyekipokea hakukibadilisha.

Na hizo nywele za marobota zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwa maskini. Kwenye magulio ya Bretagne, Ufaransa, wanunuzi walipita na mikasi, na wasichana wa vijijini walivua kofia wakakatwa nywele kwa malipo ya vitambaa au sarafu chache. Kwa hiyo huenda bibi mmoja wa London alimlilia mumewe miaka 30 akibusu nywele za msichana wa Bretagne ambaye wakati huo alikuwa hai, na watoto, anakamua ng'ombe. Tusiwacheke. Ingia duka lolote la nywele Kariakoo uone mawigi ya nywele za binadamu yanavyopangwa kwa urefu na bei. Tunayavaa harusini na misibani, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza zilikatwa kichwani kwa nani.

Shaka la wale akina mama tumekuja kulithibitisha sisi, tena kwa nywele za mtu maarufu. Ludwig van Beethoven alifariki Vienna tarehe 26 Machi 1827, na wageni waliokuja kumuaga waliondoka na mashungi ya nywele zake. Shungi lililojulikana kuliko yote lilisemekana kukatwa na Ferdinand Hiller, kijana wa miaka 15, likawekwa kwenye kidani cha kioo na kurithiwa. Mwaka 1994 liliuzwa mnadani London. Likapimwa, likakutwa na madini mengi ya risasi, na dunia ikaambiwa kwamba pengine sumu ya risasi ndiyo iliyomwua Beethoven. Vitabu vikaandikwa. Mwaka 2023 wanasayansi wakachapisha matokeo ya vinasaba vya mashungi manane yaliyodaiwa kuwa ya Beethoven. Matano yalitoka kwa mtu mmoja, mwanamume, na yakakubalika kuwa yake. Yakaonyesha kwamba alikuwa na maambukizi ya homa ya ini aina ya B na hatari ya kurithi ya ugonjwa wa ini. Shungi la Hiller halikuwemo kati ya hayo matano. Zilikuwa nywele za mwanamke.

Sina shaka kwamba kila mkono uliolipokea kidani kile ulikipokea kwa heshima. Lakini heshima hiyo ilimwendea nani? Yule mwanamke ana nywele zake katika historia ya muziki na hana jina. Wenzangu walioandika juu ya ugunduzi huu walifurahia zaidi habari za ini la Beethoven. Mimi nilimfikiria yeye.

Sasa nimrudie mzee wa soko. Alisema pini ni ya maombolezo. Kwa ushahidi upi? Hapakuwa na enameli nyeusi, wala jina, wala tarehe, wala mti wa majonzi. Wakati ule watu walipeana nywele kwa mapenzi na kwa urafiki; dada alimpa dada anayehamia ng'ambo, askari aliwaachia wa nyumbani kabla ya kwenda vitani, mama alikata za mtoto siku ya kwanza ya kunyolewa. Sehemu kubwa ya vitu hivi vilisukwa kwa nywele za watu wazima wa afya. Lakini neno "maombolezo" linauza. Mnunuzi wa leo anataka kifo, anataka kusisimka kidogo, na muuzaji anajua. Hata sheria inashindwa hapa kwa namna ya kuchekesha: sheria ya Uingereza ya mwaka 2004 kuhusu tishu za binadamu haihesabu nywele na kucha za mtu aliye hai kuwa sehemu ya mwili inayohitaji kusimamiwa. Kwa hiyo pini ile inaweza kuwa kipande cha maiti au inaweza kuwa si kitu mbele ya sheria, kutegemea jambo ambalo limefutika mgongoni mwake. Na jina likiwepo, bei hupaa: mwaka 2020 shungi la nywele za Abraham Lincoln, lililokatwa baada ya kuuawa kwake mwaka 1865, liliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 80,000.

Lakini kuwa na jina hakutoshi. Hapa inabidi twende Ethiopia.

Aprili 1868, mwaka mmoja baada ya kitabu cha Campbell, jeshi la Waingereza chini ya Robert Napier liliteka ngome ya Magdala. Mfalme Tewodros wa Pili hakukubali kukamatwa. Tarehe 13 Aprili alijipiga risasi kwa bastola ambayo, kwa kejeli ya historia, ilikuwa zawadi kutoka kwa Victoria. Askari waliirukia maiti, wakachana nguo zake wapate kumbukumbu. Mchoraji mmoja, Cornelius James, alimchora akiwa amelala amekufa, na akaondoka na nywele zake. Familia yake ilizitunza miaka 91, kisha mwaka 1959 ikazitoa kwa makumbusho ya kitaifa ya jeshi, London.

Zitazame nywele hizo kama kitu tu. Zilikatwa kwa marehemu, katika miaka ile ile mtindo ulipokuwa umepamba moto, zikatunzwa na familia ya Kiingereza vizazi kadhaa, kwa uangalifu. Kwa macho ya muuzaji wa vitu vya kale hazina tofauti na kidani cha Windsor. Tena zina uhakika ambao mjane wa London angeulipia dhahabu: hakuna shaka hata kidogo ni nywele za nani. Hata hivyo hakuna mtu mwenye akili atakayeziita sanaa ya maombolezo, kwa sababu aliyezikata hakuwa anaomboleza. Swali la "za nani" lina pacha wake: nani alizikata, na kwa ruhusa ya nani? Machi 2019 makumbusho yalizirudisha Ethiopia, zikazikwe pamoja na mabaki ya mfalme mwenyewe. Mara hii taasisi ya Uingereza ilifanya sawa bila kuburutwa mno, na nasema hivyo ingawa mimi si mwepesi wa kuzisifu.

Ngumu zaidi ni ya mwanawe. Alemayehu alikuwa na karibu miaka saba Magdala ilipoanguka. Mama yake, Tiruwork, alifariki njiani. Mtoto akapelekwa Uingereza akiwa chini ya ulezi wa Kapteni Tristram Speedy, akakutanishwa na Victoria, naye malkia akampenda. Alifariki Leeds Novemba 1879, na miaka 18 tu, akazikwa kwenye kanisa la Mtakatifu George huko Windsor. Nywele zake zilibaki kwa ukoo wa Speedy, zikasafiri nao mpaka New Zealand, na Septemba 2023 zikakabidhiwa kwa Waethiopia London.

Hapa siwezi kusema zilikuwa nyara. Inawezekana kabisa zilikatwa kwa mapenzi, na zilitunzwa kwa mapenzi; Speedy na kijana yule walikuwa wakipendana, na waliowaona walisema hivyo. Wapo watakaouliza: kama mlezi alimlilia kweli, kwa nini nywele zisibaki kwa ukoo wa mlezi? Naelewa swali, ila silikubali. Kijana yule hakuwa yatima aliyeokotwa barabarani. Aliachwa yatima na vita ambavyo walezi wake walivileta. Mapenzi ya mlezi yaliifanya amana itunzwe vizuri, hayakumfanya mlezi kuwa mwenye mali. Aliyezirudisha alilielewa hilo bila kufundishwa na mtu.

Kasri la Buckingham halijafika huko. Mwaka huo huo wa 2023 jamaa za Alemayehu waliomba mwili wake urudishwe, na jibu likawa kwamba hauwezi kufukuliwa bila kuwasumbua wengine waliolala jirani. Labda. Lakini ni katika kanisa hilo hilo, mwaka 1813, jeneza la Charles wa Kwanza lilifunguliwa mbele ya mwanamfalme mtawala na daktari wake, na kabla ya kufungwa tena wakakata nywele za mfalme aliyelala miaka 164. Siku hiyo kusumbua wafu hakukuwa tatizo.

Nimeyakumbuka haya yote hivi karibuni kwa sababu ya habari kutoka Independence, Missouri. Kulikuwa na makumbusho ya nywele huko, ya mwalimu wa ususi aliyeitwa Leila Cohoon. Mwaka 1956 alitoka nyumbani kwenda kununua viatu vya Pasaka, akakiona kifremu chenye shada la nywele, viatu vikasahaulika. Mpaka anafariki mwaka 2024 alikuwa amekusanya vitu kama 3,000. Mwaka 2025 makumbusho yalifungwa, na familia ikaanza kuvigawa kwa makumbusho mengine ili visipotee. Wangeweza kuviuza kimoja kimoja kwenye intaneti wakatajirika, hawakufanya hivyo.

Ningependa wanaovipokea wavigawe mafungu mawili kabla ya kuvitundika. Baadhi ya mashada yale ya zamani yana vikaratasi vya namba vilivyobandikwa kwenye kila ua, na nyuma ya fremu karatasi inayotaja namba moja ni nani, namba mbili ni nani. Hayo ni nasaba za watu, na wajukuu wao wapo. Waandikiwe, waulizwe, wapewe nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Yasiyo na karatasi yaonyeshwe kama ufundi, na kibao kiseme hivyo: kazi ya nywele, za mtu asiyejulikana, huenda alikufa, huenda alikuwa hai. Na neno maombolezo lisibandikwe pasipo na ushahidi wake, hata kama litapunguza foleni mlangoni.

Ile pini niliirudisha mezani. Shoga yangu alipata vikombe vinne na visahani vitatu, na mzee, bila hata kuombwa, akapunguza paundi mbili kwa ajili ya kisahani kilichopotea. Kwa jina lililopotea hakupunguza kitu.